Je, Mmemwuliza Anaona Nini?

  

Somo letu la leo limo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 22, kuanzia aya ya 21 mpaka aya ya 35. Mwenye Biblia na aifungue, naye asiyekuwa nayo na atege sikio tu, maana habari yenyewe yajulikana na wengi. Balaamu amepanda punda wake, yumo safarini. Malaika wa Bwana amesimama njiani, na upanga mkononi. Punda anamwona malaika, Balaamu hamwoni. Punda akageuka akaingia shambani, akapigwa. Punda akajibana ukutani hata mguu wa bwana wake ukaumia, akapigwa tena. Mara ya tatu njia ilikuwa nyembamba, hapakuwa na pa kugeukia, basi punda akalala chini. Akapigwa kwa fimbo. Ndipo Mungu akakifungua kinywa cha yule mnyama, naye akamwuliza bwana wake swali: amemkosea nini hata ampige mara hizo tatu?

Wapendwa, tumelisoma somo hili mara nyingi, na mara nyingi tumelicheka, kwa sababu punda amesema. Lakini siku hizi hatulicheki tena. Tukifika kwenye swali la yule punda twanyamaza, maana sisi wenyewe tumewahi kuulizwa swali hilo. Kwanza tuliulizwa na farasi. Baadaye, na hili ndilo lililotuuma zaidi, tuliulizwa na mtoto wetu. Leo twataka kuwasimulia habari hizo mbili.

Kabla hatujakwenda chuo cha theolojia tulifanya kazi ya usaisi. Labda wengine wenu hamwijui kazi hiyo. Huku Kenya twawafahamu sana punda: wabeba maji, wavuta mikokoteni, na kule Lamu ndio wachukuzi wa mji. Lakini farasi ni wachache. Wamo katika mashamba kadhaa ya Bonde la Ufa, na wengine wako Nairobi, kwenye uwanja wa mashindano ulioko Barabara ya Ngong, ambako farasi wamekimbia tangu mwaka 1954. Saisi ndiye amtunzaye farasi: humlisha, humsugua kwa brashi, humsafisha kwato, hufagia zizi lake, na asubuhi humtoa akanyoshe miguu. Tulikuwa vijana wawili katika shamba moja la Bonde la Ufa, tukilala chumba kimoja karibu na mazizi, na juu yetu alikuwako saisi mkuu, mtu mzima mwenye mvi, ambaye sote tulimwita Mzee.

Sasa, farasi wa mbio huziacha mbio akiwa bado na nguvu. Farasi aweza kuishi miaka 25, hata 30, lakini wengi humaliza kushindana kabla hawajatimiza miaka 10. Hapo huuzwa kwa watu wapendao kupanda farasi kwa starehe, na sharti afundishwe upya. Maana tangu utoto wake amefundishwa neno moja tu, nalo ni kimbia. Hakufundishwa kusimama akangoja. Hakufundishwa kutembea polepole kando ya ng'ombe, wala kupita chini ya nguo zilizoanikwa. Kwake yeye kila jambo geni ni sababu ya kukimbia.

Farasi wa namna hiyo aliletwa shambani petu. Alikuwa jike, wa rangi ya hudhurungi, wa umri wa miaka sita, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Basi tukamwita Nyota. Alikuwa mzuri wa kutazamwa. Lakini ukimwinulia mkono hata kumkuna, alirusha kichwa juu. Ukiangusha ndoo, alitetemeka mwili mzima. Tena kulikuwa na lango moja upande wa magharibi wa shamba, njia ya kwendea malishoni, ambalo alikataa kabisa kulipita. Jambo la kushangaza ni hili: alikataa asubuhi tu. Jioni, wakati wa kurudi, alilipita lango lile lile bila neno.

Sisi tulijua dawa yake, au tulidhani twaijua. Tulisema, "Huyu ni mkaidi. Jioni anapita kwa sababu anajua kuna shayiri nyumbani. Asubuhi anatuchezea." Basi mwenzetu alipanda juu, na sisi tukashika kiboko nyuma. Siku ya kwanza alipigwa akarudi nyuma. Siku ya pili alipigwa akajibana kwenye ua wa miiba. Siku ya tatu alisimama kwa miguu ya nyuma, mwenzetu akaanguka, akavunjika mtulinga.

Mnaona, wapendwa? Mara tatu, kama Balaamu. Nasi tulikuwa tumekwisha kubatizwa na kupata kipaimara, tena tulikuwa tukiimba kwaya.

Mzee alipofika hakutugombeza. Alimwangalia yule kijana aliyekuwa akiugua chini, akaagiza apelekwe hospitali. Kisha akamshika Nyota kamba, akasimama naye kando, akatuuliza neno moja: "Je, mmemwuliza anaona nini?"

Tulidhani anatania. Farasi anaulizwaje? Mzee akatupa ile kamba tumshike, naye akaenda akasimama pale pale Nyota anaposimamia. Akapanda juu ya jiwe ili macho yake yawe juu kama macho ya farasi. Akatazama mbele, akatulia. Kisha akatuita, "Njoni mwone."

Ng'ambo ya lango, nyuma ya miti, kulikuwa na kibanda cha pampu ya maji. Bati moja la paa lake lilikuwa limeng'oka msumari pembeni. Upepo wa asubuhi ulilitikisa, na jua lililokuwa likichomoza nyuma yetu lililipiga, likametameta kama upanga. Jioni jua limekwenda upande wa pili, tena farasi yuaja akilipa bati lile mgongo, haoni kitu. Sisi tulikuwa tumepita hapo kila siku na hatukuliona. Tungeliona namna gani? Macho yetu yalikuwa kwenye kiboko.

Farasi si mnyama wa kuwinda; tangu asili ni mnyama wa kuwindwa. Mungu amemwekea macho pembeni mwa kichwa, aweza kuona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji lake na mahali padogo nyuma ya mkia. Masikio yake hugeuka kila moja upande wake. Ngozi yake huhisi nzi mmoja akitua. Ana uzito wa kilo 450 au 500, lakini silaha yake kubwa si uzito huo, ni miguu ya kukimbilia. Kitu kikimeta au kikitikisika ghafla, hangoji kujua ni nini. Babu zake waliongoja kujua waliliwa na simba. Basi tunapomwita mjinga kwa kuogopa karatasi, tukumbuke ya kuwa woga huo ndio uliowafanya farasi wawepo mpaka leo.

Tulipanda kibandani tukalipigilia lile bati. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Kesho yake asubuhi tukamleta Nyota langoni tukifurahi, tukijua mambo yamekwisha.

Akakataa.

Hapakuwa na kitu kilichometa. Njia ilikuwa nyeupe. Lakini alitetemeka, akatoa jasho, akageuza jicho nyuma mpaka weupe wake ukaonekana. Tukamwuliza Mzee, "Sasa anaona nini?" Mzee akajibu, "Sasa anawaona ninyi."

Wapendwa, neno hilo tungali tunalo moyoni. Woga wa bati ulikuwa wa bati. Tulipoliondoa ungeondoka nao. Lakini juu ya woga ule sisi tulikuwa tumeongeza woga wetu wenyewe. Pale langoni ndipo alipopigwa, na farasi hasahau mahali alipoumizwa. Kuondoa bati kulichukua dakika tano; kumwondolea kile kiboko kulituchukua miezi mitano.

Mzee alisema tuanze upya kabisa, kana kwamba hajawahi kupandwa. Kwa siku nyingi hatukugusa tandiko. Kazi yetu ilikuwa kuingia katika uwanja wake wenye ua, kumpa bega badala ya kumkabili uso kwa uso, na kusimama. Tulisimama tu! Vijana wenye nguvu zetu, tukisimama uwanjani kama nguzo, wafanyakazi wengine wakipita wakitucheka. Mzee alisema, "Mkimwendea, mwamfukuza. Mwacheni aulize yeye." Siku ya nne, au ya tano, tulisikia pumzi ya moto mgongoni. Alikuwa amekuja mwenyewe, amenyosha shingo mpaka mwisho, miguu ya nyuma bado tayari kukimbia, ananusa mfuko wa koti letu. Hatukugeuka. Alinusa, akarudi, akaja tena.

Mzee alitufundisha ya kuwa farasi mwoga ana mambo mawili yanayoshindana ndani yake: hofu, na hamu ya kujua. Farasi yeyote hutaka kujua. Mwekee ndoo ngeni uwanjani, ujifiche, utaona anavyoizunguka mpaka aifikie kwa pua. Lakini hofu ikizidi, hamu ya kujua hunyamaza. Haifi. Hunyamaza tu, ikingoja mahali palipo salama. Kazi ya mfundishaji si kumshinda farasi. Ni kupapunguza mahali pale hofu yake mpaka ile hamu ipate nafasi ya kusema.

Basi kila kitu tulimwonyesha kwanza. Brashi: tulimpa ainuse, tukamgusa nayo begani mara moja, tukaiondoa kabla hajashtuka. Kitambaa cha tandiko: ainuse, tukaweke, tukaondoe, mara ishirini. Tandiko lenyewe vivyo hivyo. Mkanda wa tumboni tuliukaza tundu moja, tukamtembeza, ndipo tundu la pili. Tulijifunza kuisoma lugha yake. Kichwa kikiwa juu, mdomo umekazwa, na mkia umebanwa, hapo usiendelee. Umekwisha kupita mpaka. Akiinamisha kichwa, akatafunatafuna mdomo mtupu, akashusha pumzi ndefu, hapo amekubali, basi mpumzishe. Tena mpumzishe wakati uo huo, maana farasi hafundishwi na lile unalomkaza, bali na lile unalolilegeza.

Na lango? Tulimpeleka mahali palipo mbali nalo, hatua mia moja hivi. Akiinua kichwa kulitazama, tulisimama. Hatukumvuta wala kumsukuma. Tulingoja mpaka kichwa kishuke, kisha tukarudi nyumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya asubuhi nzima. Kesho yake hatua tano zaidi. Kuna juma moja mvua kubwa ilinyesha, radi ikapiga, mabati yakanguruma, Nyota akakurupuka akavunja ua. Tukarudishwa mpaka mwanzo, karibu tulie. Mzee akasema, "Hajarudi mwanzo. Amewaonyesha tu mahali panapouma bado."

Mwezi wa tano, asubuhi moja, tulikuwa juu ya tandiko na hatamu zikiwa zimelegea. Nyota akasimama, akalitazama lango. Akasonga, akasimama. Kisha akanyosha shingo akaunusa mwimo wa lango tangu chini mpaka juu, kama mama anunuaye kitambaa dukani. Akashusha pumzi. Akapita.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alikuwa mbali akinoa panga. Aliinua mkono tu.

Ndugu zangu, jambo hili si geni duniani. Xenophon, Myunani aliyekuwa askari na mwandishi miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo kuzaliwa, aliandika kitabu cha kuwafundisha watu farasi. Humo aonya mtu asimkabili farasi akiwa na hasira. Na farasi akiogopa kitu, mtu na akiguse mwenyewe kwanza, kisha amwongoze farasi taratibu akikaribie, kwa maana kumlazimisha kwa mapigo ni kumzidishia hofu. Tena wanahistoria wa kale wasimulia habari za Alexander wa Makedonia alipokuwa kijana. Baba yake aliletewa farasi aitwaye Bucephalus, na watu wazima wote wakashindwa kumpanda. Kijana alitazama akatambua ya kuwa farasi yule aliogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza akabili jua, kivuli kikawa nyuma, akampapasa kwa utulivu, akampanda. Wale wakubwa walitazama miguu ya farasi. Kijana alitazama kile alichokiona farasi.

Sasa twaja kwenye habari ya pili, nayo ni fupi, lakini kuisema ni vigumu zaidi.

Miaka ilipita. Tulisoma chuo, tukawekwa wakfu, tukapewa parishi, Mungu akatujalia watoto. Mmoja wao, mvulana wa miaka tisa, alikuwa akikataa kusoma somo wakati wa sala ya jioni. Dada zake walisoma kwa zamu. Zamu yake ikifika, aliinamisha kichwa akanyamaza. Wageni walikuwapo mara nyingine, wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja. Sisi, baba yake, tuliona haya. Tulisema moyoni, "Mtoto wa kasisi anadharau Neno la Mungu!" Tukamwonya. Tukamnyima ruhusa ya kwenda kucheza mpira. Mwisho tukachukua ufito. Ndiyo, wapendwa, sisi tuliofundishwa na Mzee! Mtu aweza kujifunza kwa farasi na asijifunze kwa mwanawe.

Usiku mmoja, watoto wamelala, mama watoto akiwa anachagua maharagwe ya kesho, alisema bila kuinua macho: "Baba, mtoto huyu anasoma. Nimemsikia nyuma ya jiko akimsomea mdogo wake, tena anasoma vizuri. Je, umemwuliza?"

Hakumjua Mzee. Hatukuwahi kumsimulia habari ya lango. Lakini lilikuwa neno lile lile, nasi tukahisi kama tumeshikwa shati.

Hatukumwuliza usiku ule, maana tulijua sasa ya kuwa mtu haulizwi akiwa amebanwa ukutani. Jumamosi tulikwenda naye kukata majani ya ng'ombe. Tukakata, tukanyamaza, tukampa bega. Njiani kurudi akasema mwenyewe. Alisema kwamba akisoma mbele yetu, hajamaliza neno sisi tumekwisha kumsahihisha. Akikosa neno la kwanza twasema "hapana". La pili twashusha pumzi. La tatu twamnyang'anya kitabu. "Nikifungua kitabu," akasema, "naiona sura yako, baba. Herufi sizioni."

Sasa anawaona ninyi.

Wapendwa, hatukulala usiku huo. Bati lililokuwa likimetameta njiani mwa mtoto wetu lilikuwa uso wetu. Tulimwomba msamaha, sisi baba yake, na alituangalia kwa mshangao kana kwamba hajui msamaha wa baba huwekwa wapi. Kisha tukaanza upya. Kwa miezi miwili hatukumpa zamu. Tulisoma sisi, na tulipokosea neno tulijisahihisha kwa sauti, tukacheka, tukaendelea. Biblia tuliiacha mezani. Jioni moja alisogeza kiti chake. Jioni nyingine alisoma aya mbili akiwa ameketi nyuma ya mama yake. Leo anasoma. Lakini tuseme kweli mbele za Mungu: tukiingia ghafla anaposoma, sauti yake husita kidogo. Amepita lango, ila bado hulinusa kwanza. Nasi twangoja.

Twajifunza nini basi?

Kwanza, aogopaye si mkaidi. Hofu na ukaidi hufanana kwa nje. Vyote viwili husimama njiani na kukataa kwenda. Njia ya kuvitenganisha ni moja, nayo ni kuuliza kabla ya kuinua fimbo. Mume ambaye mkewe amenyamaza, mwalimu ambaye mwanafunzi wake hainui mkono, kasisi ambaye Mkristo wake haji tena mezani pa Bwana: je, mmemwuliza anaona nini? Katika ile habari ya Balaamu, malaika alimwambia ya kuwa kama punda asingaligeuka, Balaamu angaliuawa na punda angaliachwa hai. Yule aliyepigwa ndiye aliyekuwa akimwokoa ampigaye.

Pili, tujitazame sisi wenyewe kwanza. Mwaka 2009 wataalamu wa Sweden walitoa habari ya jaribio walilolifanya kwa farasi na watu. Watu waliwaongoza au kuwapanda farasi katika njia fulani mara kadhaa, na mapigo ya moyo yakapimwa, ya mtu na ya farasi pia. Kabla ya mara ya mwisho watu waliambiwa ya kuwa sasa mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Lakini moyo wa mtu ulikwenda mbio kwa kuwaza, na moyo wa farasi ukaenda mbio pamoja nao. Farasi hakuambiwa habari ya mwavuli. Alihisi hofu ya mtu. Basi mzazi aingiaye nyumbani amefura, asishangae watoto wakitawanyika kama kuku. Tulize kwanza moyo wako mwenyewe mlangoni, ndipo uingie.

Tatu, uvumilivu si ulegevu. Kuna atakayeuliza, "Je, kasisi, Biblia haisemi habari za fimbo?" Yasema. Lakini Daudi aliyekuwa mchungaji alisema katika Zaburi ya 23 ya kuwa fimbo ya Bwana humfariji. Basi fimbo imtiayo mtoto kiwewe si hiyo. Huku Kenya serikali ilifuta kanuni za kuwachapa wanafunzi mwaka 2001, na wengine wetu tulinung'unika, tukasema nidhamu imekwisha. Mzee hakumwachia Nyota afanye apendavyo. Hakumruhusu kutukanyaga wala kuuma. Hatamu ilikuwapo siku zote mikononi mwetu. Ila hatamu ilikuwa ya kuongea naye, haikuwa ya kumtesa. Someni Zaburi ya 32, aya ya 8 na ya 9. Humo Mungu aahidi kutuongoza kwa jicho lake, akatuonya tusiwe kama farasi au nyumbu ambaye hasogei bila lijamu. Jicho la Mungu lawatosha wamwaminio. Na mtu humwamini yule tu ambaye amejua kuwa mbele yake yu salama.

Ndiyo sababu hatuwezi kumaliza bila kusema neno juu ya uvumilivu wa Mungu kwetu sisi. Ni malango mangapi tumeyakataa? Ni mara ngapi ametupeleka karibu, tukatetemeka, akaturudisha nyumbani, kesho akatuleta tena hatua tano zaidi? Mwana wake hakutujia kwa ngurumo. Alikuja akakaa kati yetu miaka kama 30 kabla hajaanza kuhubiri hadharani, akila vyakula vyetu, mpaka sisi wenyewe tukasogea tukauliza. Na alipoulizwa na wenye hofu, hakuwavunja.

Labda wewe unayesikiliza ndiwe mwenye kiboko leo. Kiweke chini, panda juu ya jiwe, tazama kutoka mahali mwenzio asimamapo. Au labda ndiwe uliyepigwa langoni, na hata mabati yote yakiondolewa mwili wako bado watetemeka. Mungu hakuiti mkaidi. Ana asubuhi nyingi.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, umetupa watoto, wake, waume, wanafunzi na wanyama, tukawatendea kama watu wasio na macho. Utusamehe. Utufungue macho kama ulivyomfungua Balaamu, tuone kile wakionacho wao. Wale tuliowatia hofu, uwaponye, nasi utupe saburi ya kungoja mpaka wasogee wenyewe. Na sisi tunaokuogopa wewe kwa sababu ya nyuso za wanadamu, utuonyeshe uso wako mwenyewe. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.